Kilomita 184 mpaka kwa mama

Nimetoka nyumbani na pikipiki saa 12 kasoro asubuhi, giza bado lipo, maana nilitaka niwahi kutoka mjini kabla barabara haijajaa magari. Usingizi ulikuwa wa kuibia ibia, kila nikishtuka nafikiria cheni, nafikiria kamba za begi. Nikapima upepo tairi zote 2 kabla sijawasha, zikiwa bado za baridi (ukishaendesha zinapata moto na kipimo kinasoma juu, unadhani upepo unatosha kumbe hautoshi), nikajaribu breki ya mbele, ya nyuma, indiketa, taa, nikalivuta begi kwenye keria kwa nguvu zangu zote nione kama linacheza. Limetulia. Nikavaa helmeti, nikasali kimoyomoyo, nikaweka gia ya kwanza.

Ngoja nieleze kwanza kwa nini safari ya kwenda kumsalimia mama inaandikwa kirefu hivi. Miaka 3 iliyopita nilikuwa na kilo 148. Sasa hivi nina 86. Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, halafu kazi yenyewe ndo ikaanza, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine. Enzi zile nilikuwa nazipenda pikipiki sijui niseme kwa kiasi gani, nikisikia moja inapita nageuza shingo kabisa, na sikuwahi kuikalia hata moja. Niliwahi kuomba kitabu cha pikipiki kama hii ninayoendesha leo nikasoma ule ukurasa wa uzito: dereva, abiria na mzigo, vyote kwa pamoja visizidi kilo 160. Mimi peke yangu nikivaa viatu na jaketi na helmeti nilikuwa nakaribia kuumaliza mzigo wote. Nikakirudisha kitabu, nikasema asante.

Na kulikuwa na habari ya usingizi, hii nasema kwa sababu watu wengi wenye mwili mkubwa wanayo na hawajui. Nilikuwa nakoroma halafu pumzi inakatika, nashtuka, inakatika tena, usiku kucha, mchana sasa nasinzia mpaka kwenye usukani wa gari nikisubiri taa nyekundu. Daktari alinikataza kuendesha chombo chochote mpaka nitibiwe. Uzito uliposhuka hali ikapungua sana, lakini sikujiamulia mwenyewe, nilipimwa upya usiku mzima na waya mwilini, ndipo nikaruhusiwa. Tafadhali kama unakoroma hivyo na mchana unasinzia, kapime kabla hujawaza pikipiki, kwenye gari ukisinzia angalau umezungukwa na bati, kwenye pikipiki umezungukwa na nini?

Basi. Kilomita 40 za mwanzo nilichojifunza ni baridi. Yaani mimi ndo nilikuwa mtu wa kufungua madirisha wakati wengine wanajifunika, sijawahi kuogopa baridi maisha yangu yote. Sasa nimefika spidi 80, jua halijatoka, upepo unaingia kwenye mikono ya jaketi unatembea mpaka mgongoni kama maji. Mafuta yale niliyoyapigania miaka yote yatoke yalikuwa pia ndo blanketi langu. Na jaketi lenyewe nilinunua nikiwa na kilo 112 wakati naanza kujifunza, sasa linajaa upepo linapiga piga kama turubai na kila likipiga linanivuta mabega. Vidole vikaanza kuwa vizito kwenye klachi, nikaona hapa hapana, vidole vikichelewa na breki inachelewa. Nikasimama pembeni nikavaa koti la mvua juu ya jaketi ingawa hakuna mvua, nikalifunga mkanda kiunoni. Upepo ukakata papo hapo. Nikaingiza mikono kwapani nikasubiri mpaka vidole vikaanza kuwasha.

Helmeti angalau nilishabadilisha. Hii sikuijua kabla, kwamba na uso nao unapungua, ile ya kwanza ilifika mahali nikitikisa kichwa inazunguka peke yake, na helmeti inayozunguka siku ya kuanguka haikusaidii. Mpya inanibana mashavu vizuri.

Ilipofika kilomita ya 70 hivi lami ikaanza kuwa ya viraka, na hapo pikipiki ikaanza kunisumbua. Kila tuta nyuma inanirusha. Napanda tuta taratibu kabisa, tairi ya mbele inapita vizuri, ya nyuma inanipiga teke. Na kiti nacho, zamani sikuwa najua kama nina mifupa ya kukalia, sasa naijua yote miwili. Nikawa nasimama kidogo kwenye vikanyagio kila nikiona kiraka, nasonga mbele nikijisemesha mwenyewe ndani ya helmeti, ndo barabara ilivyo, vumilia.

Kisha ikaja kona ya kushoto, ndefu, upande wa kulia kuna bonde. Niliingia kwa spidi ya kawaida tu lakini katikati ya kona kulikuwa na shimo limezibwa vibaya, tairi ya nyuma ikaruka, na ilipotua ilitua pembeni kidogo ya pale ilipokuwa. Moyo ulisimama. Macho yakaenda bondeni yenyewe, na aliyewahi kuendesha anajua pikipiki inafuata macho, ukikodolea shimo unaenda shimoni. Mwalimu wangu alikuwa anatupigia kelele neno moja tu siku nzima, tazama unakoenda! Nikageuza kichwa kizima nikatazama mwisho wa kona, mkono wa kushoto nikausukuma mbele, kwa sababu kwenye spidi pikipiki ndo inavyopinda, unasukuma hendeli ya upande unaotaka kwenda nayo inalala upande huo. Ikalala. Ikapita. Nikaendelea kama mita 300 nikaona sehemu ya kokoto pembeni nikaingia kupumzika, mikono inatetemeka.

Na pale ndo nikaiangusha. Nimesimama tayari, mguu wa kulia umekanyaga kokoto ukateleza, pikipiki ikainama, ikafika mahali huwezi tena kuizuia, nikaiachia nikatoka. Ikalala upande wa kulia na begi lake. Nikazima swichi haraka maana mafuta yalikuwa yanadondoka kwenye mfuniko wa tangi.

Nilisimama pale nikiitazama. Hakuna nyumba, hakuna mtu. Kilo 140 za chuma. Mimi kuna kipindi nikikaa kwenye kochi la chini lazima mtu aje anivute mkono ndo niinuke, na siku nyingine nilikuwa nabaki pale pale mpaka mtu apite kwa sababu naona aibu kuita. Miezi yote hii nafanya mazoezi ya miguu, kuchuchumaa na kuinuka na mzigo begani, kwa sababu waliniambia uzito ukitoka kwa kasi unabeba na misuli usipoilinda. Nikashusha stendi ya pembeni kwanza, maana ipo kushoto na pikipiki imelalia kulia, ikiinuka isipitilize ikaanguka upande wa pili. Nikaingiza gia isiserereke. Nikaipa mgongo, nikachuchumaa mpaka makalio yakagusa ukingo wa kiti, mkono mmoja kwenye hendeli, mwingine kwenye chuma cha keria, mgongo umenyooka, nikaanza kusukuma kwa miguu, hatua ndogo ndogo za kurudi nyuma. Mapaja yakawaka moto. Ikanyanyuka kidogo, nikapata hatua, ikanyanyuka tena, halafu ghafla ikawa nyepesi na ikakaa kwenye stendi, klak.

Lori likasimama, dereva akachungulia dirishani. "Pole dada, umeumia?" Nikamwambia sijaumia kaka, asante. Akaangalia pikipiki, akaangalia alama kwenye kokoto. "Umeinyanyua mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kwa sauti ambayo sijui ilitokea wapi. Akanipigia honi wakati anaondoka.

Nikachuchumaa kuangalia kama kuna kilichovunjika, kioo kimelegea tu, na macho yakaangukia shokapu ya nyuma. Ile pete ya kukaza springi ina ngazi 5. Ilikuwa kwenye 5. Nikakumbuka kumbe fundi aliikaza siku ya kwanza kabisa, nikiwa na kilo 112, akaniambia dada hapa tuweke mwisho ili nyuma isizame, na ilikuwa sahihi kwa siku ile. Tangu hapo nimepungua kilo 26, nimebadilisha helmeti, nimebadilisha suruali mara 3, nimeshona upya kila kitu, na sijawahi kumkumbuka huyo wa chini ya kiti ambaye bado anambeba yule wa mwanzo. Springi ikikazwa kuliko uzito uliopo juu yake, inasukuma tairi irudi kwa nguvu mno, ndo maana inaruka badala ya kufuata barabara. Kumbe ile kona kidogo initoe uhai kwa sababu ya kilo ambazo hazipo.

Nikatoa spana ile ya ndoano inayokaa chini ya kiti, nikashusha mpaka 2. Nilipoinuka haraka kizunguzungu kikanishika, hiki kinanitokea tangu nipungue nikitoka chini ghafla, nikashika kiti nikasubiri giza litoke machoni. Nikanywa maji, na maji kwangu siyo ya kugugumia tena, ni funda dogo, subiri, funda dogo, kwa hiyo kila nikisimama nalazimika kukaa robo saa nzima. Nimekubali. Safari yangu inahesabu na hizo robo saa, nikijaribu kuzikwepa kichwa kinaniuma na akili inakuwa nzito barabarani.

Kilomita 100 zilizobaki zilikuwa za pikipiki nyingine kabisa. Tuta linapita chini yangu, nasikia tairi inashuka inalifuata, inapanda, inatulia. Kuna mteremko mrefu sana wa kona kona, nikaingia gia ya 3 nikaacha injini yenyewe ishike mwendo, breki nagusa tu kabla ya kona zisipate moto, na nikaanza kuimba. Malori yanayopanda yananisukuma na upepo wake, mwili mwepesi unasukumwa zaidi, nalegeza viwiko naiacha icheze kidogo chini yangu nayo inarudi yenyewe. Mvua ilininyeshea dakika 10 hivi, sina la kusimulia, nilipunguza mwendo nikapita.

Nikafika saa 6 na nusu mchana. Mama alikuwa mlangoni, akanitazama kama anavyotazama mgeni aliyepotea njia, mpaka nilipovua helmeti. Akaja akanishika uso kwa mikono 2. Hakusema kitu. Akaizunguka pikipiki mara moja, akagusa kiti cha nyuma, akasema, "Na mimi unaweza kunibeba, mwanangu?"

Huyu ndo mama ambaye tukitembea pamoja alikuwa anajifanya viatu vinamuuma ili nipate nafasi ya kusimama kuvuta pumzi.

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia kesho. Asubuhi nikachukua mizani yake, akapanda: 62. Nikafanya hesabu kwenye kiganja, 86 na 62. Nikarudia. 148.

Nikachukua spana nikairudisha springi kwenye 5. Nikaongeza upepo tairi ya nyuma kama kitabu kinavyosema ukibeba abiria. Mama nikamvalisha helmeti niliyoleta kwenye begi (ndo lilikuwa na helmeti hiyo, niliinunua kabla sijajua kama nitathubutu), suruali nzito, viatu vya kufunika kifundo. Nikamweleza, usipande mpaka nikwambie, miguu ibaki kwenye vikanyagio hata tukisimama, kwenye kona tazama juu ya bega langu upande tunaoelekea na usijivute upande wa pili, nishike kiunoni. Akaitikia kila kimoja kama mtoto wa shule.

Akapanda. Nyuma ikashuka, hendeli ikawa nyepesi mkononi, pikipiki yote ikawa nzito na ya polepole, na mimi nimekaa pale nasikia huu ndo uzito wangu, wote, ndivyo ambavyo ingenibeba. Mikono ya mama ikapita kiunoni, ikapita mbele ya ile ngozi iliyobaki ambayo naifunga na nguo ya kubana isinichubue, ikakutana. Nikavisikia vidole vyake vinatafutana na kushikana. Zamani akinikumbatia vilikuwa haviifikii hata mifupa ya mgongo.

Barabara ya pale ni nyoofu, haina magari. Nilienda spidi 30, breki nikaanza kuikamata mapema sana kwa sababu uzito ukiongezeka na umbali wa kusimama unaongezeka, na kila nikigusa breki kifua chake kinanisogelea mgongoni, nikiachia kinarudi. Kilomita 2 kwenda, nikasimama taratibu nigeuze. Mama akanigonga begani na kidole.

"Bado lami ipo," akasema. "Twende mpaka inapoishia."