Mhadhara kuhusu Japani: hakiki miaka na tarakimu kwanza

Mhadhara wa wazi kuhusu Japani huanza kuharibika kwenye tarehe. Msikilizaji mjuzi akinasa kosa moja, hoja zote zinazofuata, hata zile nzuri, atazipokea kwa shaka. Kwa hiyo kabla hujagusa slaidi, pitia kila mwaka na kila tarakimu uliyoandika.

Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Kupata mwaka wa kawaida, ongeza 1867 kwa Meiji, 1911 kwa Taisho, 1925 kwa Showa, 1988 kwa Heisei na 2018 kwa Reiwa. Showa 39, basi, ni 1964, mwaka wa Olimpiki ya Tokyo.

Mitego iko kwenye miaka ya mpito, na mkubwa kuliko yote ni 1989. Mfalme Hirohito alifariki Januari 7, hivyo Showa 64 ilidumu siku 7 tu, na Januari 8 ikaanza Heisei 1. Juu ya hapo, mwaka wa fedha wa serikali huanza Aprili 1, kwa hiyo bajeti ya 1989 inafika hadi Machi 1990. Na ndio mwaka ambao kila mhadhiri wa uchumi lazima aupitie: Desemba 29 kipimo cha hisa cha Nikkei kilifunga kwenye 38,915, kilele ambacho hakikuvukwa hadi Februari 2024. Ukichora hisa kwa mwaka wa kalenda na kodi kwa mwaka wa fedha katika grafu moja, mistari itapishana kwa miezi 3, nawe utajikuta unaeleza chanzo ambacho hakikuwepo. Chini ya kila grafu andika ni mwaka upi.

Tarehe kamili huokoa hoja pia. Wengi husimulia kwamba Benki ya Japani ilipandisha riba na soko likaanguka papo hapo. Riba yake ya msingi ilikaa asilimia 2.5 tangu Februari 1987, ikaanza kupandishwa Mei 1989, na hisa zikaendelea kupaa kwa miezi 7. Riba ilifika asilimia 6 mnamo Agosti 1990. Miezi hiyo 7 inastahili slaidi yake peke yake.

Kwa matukio ya kabla ya Januari 1, 1873, kuongeza namba hakutoshi, kwa sababu kalenda ya zamani ilifuata mwezi na jua. Mapinduzi ya Meiji, yaliyorudisha utawala kwa mfalme, yalitangazwa siku ya 9 ya mwezi wa 12, mwaka wa 3 wa Keio, enzi iliyotangulia Meiji. Ukibadilisha kiholela utaandika Desemba 9, 1867. Tarehe sahihi ni Januari 3, 1868.

Kwenye fedha, Kijapani hupanga namba kwa tarakimu nne nne: man ni 10,000, oku ni milioni 100, cho ni trilioni 1. Kosa la kawaida ni kuifanya oku kuwa bilioni. Gawanya kwa 10: oku 50 ni bilioni 5.

Majina nayo: la ukoo hutangulia. Usiseme tu "Tokugawa alishinda vita vya Sekigahara mwaka 1600"; mashoguni, yaani watawala wa kijeshi, wa ukoo huo walikuwa 15. Sema Ieyasu.