Nguo alizomrudishia baba yake

4 Oktoba, usiku

Sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi. Kila mwaka siku hii filamu zake hutolewa kabatini, na leo zimerudiwa mbili: ya Franco Zeffirelli ya 1972, Fratello sole, sorella luna, na ya Roberto Rossellini ya 1950, Francesco, giullare di Dio, yaani Fransisko, mchekeshaji wa Mungu. Safari hii macho yangu yalikuwa kwenye nguo tu.

Maana kisa chenyewe ni cha nguo tangu mwanzo. Pietro di Bernardone, baba yake Fransisko, aliuza vitambaa. Kijana akachukua vitambaa vya thamani dukani, akavipakia kwenye farasi mpaka Foligno, akauza vitambaa, akauza na farasi, akarudi kwa miguu. Pesa akampelekea padre wa kikanisa cha San Damiano kilichokuwa kinabomoka. Padre alimwogopa mzee, akazikataa, naye akazitupa pale dirishani. Baba akaenda kushtaki kwa wakuu wa mji. Kijana akajibu kuwa sasa yeye ni mtu wa Mungu, wao hawana mamlaka juu yake, na kesi ikahamia kwa Askofu Guido. Mwaka ni 1206. Askofu akamwambia arudishe pesa za watu. Akarudisha, kisha akavua na nguo zake zote, kwa kuwa nazo zilitoka kwa baba yuleyule.

Kwa hiyo kuvua nguo kule kulifanyika katikati ya kesi, kuna mdai na mdaiwa, na deni linalipwa hadi senti ya mwisho. Anayelisahau hilo anabaki na kijana aliyepandwa na hisia uwanjani.

Zeffirelli, kwa maoni yangu, alilisahau. Kwake vitambaa vinarushwa dirishani, vinapeperuka, watu chini wanavigombania. Ni picha nzuri mno, na hapo ndipo tatizo. Foligno haipo, farasi hayupo, hesabu haipo. Kila kitu kinang'aa: mashamba, maua, hata viraka vya kanzu za mabruda, wafuasi wa Fransisko, vimekaa kama vimepangwa na fundi. Halafu tunafika Roma kwa Papa Innocent wa Tatu, ambaye ni Alec Guinness, na dhahabu inajaa skrini nzima. Filamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa upande wa mandhari na mapambo. Filamu ya ufukara!

Mchoro wa ukutani ulio katika Basilika ya juu kule Assisi, ambao kwa desturi husemwa ni wa Giotto, ulikwisha kuonyesha namna ya kulifanya jambo hili. Fransisko yuko nusu uchi, askofu anamsitiri kwa joho lake. Ila mtazame baba: nguo za mwanawe zimelala mkononi mwake, na mtu mmoja amemkamata mkono mwingine asije akapiga. Kapewa alichodai, na hasira ndiyo kwanza imepanda.

Rossellini amefanya ujanja mwingine: kalikwepa tukio zima. Filamu yake inaanza mabruda wakirudi kutoka kwa Papa, mvua inawanyeshea, miguu peku kwenye tope. Wanafika kwenye kibanda chao cha Rivotorto, wanakuta mtu na punda wake wamekwisha kukitwaa, wanafukuzwa. Sufu ikilowa huwa nzito, huvuta mabega chini, na hapa unauona uzito huo. Wanaocheza ni mabruda wa kweli wa Kifransisko, kutoka konventi ya Nocera Inferiore. Fransisko mwenyewe ni Bruda Nazario Gerardi. Mwigizaji wa kazi hukaa akiipanga kanzu yake. Hawa wanakaa tu.

Na kwa kuwa filamu haina rangi, imeepuka kosa linalofanywa hata kwenye maigizo ya parokiani: kuwavika mabruda wa kwanza kahawia ya kuiva. Wao walivaa sufu ghafi isiyotiwa rangi, ya kijivujivu. Na kofia ndefu yenye ncha ya Wakapuchini, tawi la Wafransisko, tuliyoizoea Dar es Salaam, ni ya karne ya 16. Mnaoshona mavazi ya igizo, someni Kanuni ya 1223, sheria ya maisha ya mabruda hao: kanzu moja yenye kofia, ya pili isiyo na kofia kwa anayeitaka, mshipi, suruali ya ndani, na ruhusa ya kutia viraka vya gunia. Kitambaa laini kinachoanguka vizuri kitawaharibia kazi.

Utajiri nao Rossellini kauweka mahali pamoja: kwa mtemi Nicolaio, anayechezwa na Aldo Fabrizi, mwigizaji pekee mwenye jina humo. Kavishwa vazi la chuma kubwa kiasi kwamba limeshikiliwa na minyororo, na kutoka ndani yake ni shughuli. Fabrizi anazidisha, macho yanamtoka kupita kiasi, na kisa ni kirefu. Lakini Bruda Ginepro, anayegawa kanzu yake kila akikutana na maskini, anaposimama mbele ya chuma kile, hakuna haja ya mahubiri.

Mkitaka kuionyesha kwa vijana, anzeni kwa kuwasimulia habari ya Foligno, dakika tano zinatosha. Bila hiyo hawatajua hawa watu wa mvuani walitoka wapi. Waambieni pia ni visa vifupi vifupi, wasisubiri kisa kimoja kirefu. Pale Ginepro anapofuata mguu wa nguruwe kwa ajili ya ndugu mgonjwa, watoto wadogo watashtuka.

Kuna jambo moja ambalo filamu zote mbili zimeliacha. Mtakatifu Bonaventura ameandika kwamba baada ya joho la askofu, Fransisko aliletewa koti duni la mkulima mmoja aliyemtumikia askofu. Akalipokea, akaokota kipande cha chokaa, akachora msalaba juu yake kwa mkono wake, ndipo akalivaa.