Utambi wa Kisanduku Cheupe

Ilikuwa saa tatu asubuhi, muhula wa kwanza wa somo la tabianchi. Makundi mawili yalipima unyevu wa hewa kwenye kiwanja kimoja, majibu yakapishana: kisanduku cha Stevenson, kile cheupe chenye matundu kinachokinga vipimajoto na jua, kilitoa asilimia 70, kipimaunyevu cha kuzungusha kwa mkono kikatoa 59. Mhadhiri aliweka kando mada ya siku hiyo.

Vipimajoto vikavu vilikubaliana, nyuzi 28.0. Ubishi ulikuwa kwenye vile vilivyovishwa utambi, kitambaa cha pamba kinachotakiwa kubaki kimelowa. Cha kuzungusha kilisoma 22.0. Hewa iliyoshiba mvuke kwa nyuzi 22 ina shinikizo la mvuke la hektopaskali 26.4, ukitoa 0.00066 (kizidishio cha kifaa chenye upepo wa kutosha) × 1013 (shinikizo la hewa) × 6 (tofauti ya vipimajoto viwili), yaani 4.0, inabaki 22.4. Gawanya kwa 37.8, kiwango cha kushiba kwa nyuzi 28, unapata asilimia 59. Cha kisandukuni kilisoma 24.0. Humo upepo ni hafifu, kwa hiyo kizidishio ni 0.0008, na hesabu inafika 70. Tofauti ya nyuzijoto 2 tu kati ya vipimajoto vyenye utambi iliendana na pointi 11 za unyevu.

Tulipougusa utambi wa kisandukuni ulikuwa mgumu kama kamba iliyokaukia juani. Kikopo kinachoulisha utambi kilijazwa maji ya bomba. Maji yanapovukiza, chumvi hubaki kwenye nyuzi za pamba, vumbi hunasa juu yake, na maji hayapandi tena vizuri. Kinachopoza balbu, ile ncha ya kipimajoto yenye zebaki, ni uvukizaji. Ukipungua, kipimajoto hupanda kuelekea kile kikavu, na hewa huonekana na unyevu kuliko ilivyo. Hapo ndipo ubaya wake: kosa hili huegemea upande mmoja daima, hivyo wastani wa mwezi, hata wa miaka 30 ya tabianchi, hauwezi kulifuta.

Kitambaa kipya cha pamba tulikichemsha kwanza kwa maji na sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani, tukakisuuza kwa maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi, tukakivisha balbu tabaka moja bila mikunjo. Kikopo, chenye mdomo mwembamba, tulikisogeza pembeni kidogo ili mvuke wake usiizunguke balbu. Kisha dakika 15 za kusubiri, mlango umefungwa. Mawingu yalikuwa yametanda, kikavu hakikusogea. Tulisoma haraka, jicho likiwa usawa wa zebaki, sehemu za kumi za nyuzijoto kwanza, kabla joto la mwili halijaingia: 22.3. Asilimia 59.

Mmoja wetu alitaka tupunguze nyuzi 1.7 kwenye vipimo vyote vya nyuma. Mhadhiri alikataa, na alikuwa sahihi kabisa: utambi hukakamaa polepole, na kosa hubadilika na upepo na ukavu wa siku. Hakuna tarakimu iliyofutwa. Siku 23 zote tangu utambi ulipobadilishwa mara ya mwisho tuliziwekea alama ya shaka, na pembeni mwa daftari tukaandika saa na dakika utambi mpya ulipovishwa.