“Burden” si mzigo kila mahali: ninavyolitafsiri

Kamusi itakujibu upesi: “burden” ni mzigo. Ni kweli, lakini anayeishia hapo huharibu hati za sheria, dodoso za afya na hata mikataba. Mimi hutafsiri hati za aina hizo, na neno hili nimejifunza kulikabili kwa kuanzia kwenye kitenzi, si kwenye nomino.

Kiswahili kina vitenzi vingi vya mzigo. Mtu hutwikwa, hujitwika, hubebeshwa, huelemewa, kisha hutua au hutuliwa. Kila kimoja kinamwambia msomaji nani kaweka, nani kabeba, na kama uzito ule una mahali pa kushushwa. Kiingereza huweza kuyanyamazia yote hayo. Chukua sentensi hii: “She was burdened with her brother's debts.” Nikiandika “alitwikwa madeni ya kaka yake”, nimesema kuna mtu aliyemwekea. Nikiandika “alijitwika”, nimesema alikubali mwenyewe. Nikiandika “alielemewa na madeni ya kaka yake”, nimeacha suala la nani kaweka, nikasema yamemshinda nguvu. Kwa hiyo narudi nyuma aya mbili tatu kutafuta jibu. Matini yasiponipa, naandika “madeni ya kaka yake yalimwangukia”, kwa sababu hapo sijamlaumu mtu wala kumsifu.

Asili ya neno husaidia kuelewa upana wake. Limetoka katika Kiingereza cha kale, likiandikwa kwa sauti ya “th” katikati, na ni ndugu wa kitenzi “bear”, yaani kubeba na pia kuzaa. Zamani liliweza hata kumaanisha mtoto aliye tumboni. Nasi tunasema mjamzito, kwa hiyo mawazo hayako mbali. Ila katika nyimbo za zamani za Kiingereza kuna “burden” nyingine, iliyotokana na neno la Kifaransa “bourdon”, nayo ni kiitikio. Anayeandika “mzigo wa wimbo” amepotea njia.

Panaponichukua muda mrefu zaidi ni mahakamani. “Burden of proof” wengi huandika “mzigo wa kuthibitisha”, na msomaji huelewa. Tatizo huja mistari michache mbele, pale hati inaposema upande wa mashtaka “has discharged its burden”. Ukiwa umeanza na mzigo, utaandika “umeutua mzigo wake”, na msomaji atadhani wameachana na kesi au wamesamehewa kazi. Maana yenyewe ni kinyume: wamethibitisha walichotakiwa kuthibitisha. Ndiyo maana naanza na “jukumu la kuthibitisha” tangu ukurasa wa kwanza. Kisha kila kitu kinakaa sawa: jukumu liko kwa mwendesha mashtaka, jukumu limetimizwa, jukumu limehamia upande wa pili. Katika kesi ya Woolmington ya mwaka 1935 nchini Uingereza, Viscount Sankey alipoeleza kanuni ya kwamba upande wa mashtaka ndio wenye kuthibitisha hatia, katika sentensi yake maarufu ya uzi wa dhahabu alitumia “duty”. Mwenye lugha yake mwenyewe aliona ni wajibu.

Hapohapo kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kuchanganya jukumu na kiwango. Jukumu linajibu nani athibitishe. Kiwango kinajibu athibitishe kwa uzito gani, iwe ni pasipo shaka ya maana kama katika jinai, au kwa kuonyesha kwamba jambo lina uwezekano mkubwa zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa, kama katika madai. Wa pili ni “evidential burden”. Hilo ni dogo: mshtakiwa anayesema alikuwa akijilinda hutakiwa tu kuleta au kuonyesha ushahidi wa kutosha ili hoja yake izingatiwe. Naandika “jukumu la kuibua ushahidi”, kwa kuwa nikiandika “kuthibitisha” nimempa mshtakiwa kazi ambayo sheria haikumpa. “Onus”, neno la Kilatini lenye maana ya mzigo, nalitendea vivyo hivyo: “the onus is on the seller” ni “ni juu ya muuzaji”. Maneno manne yanatosha.

Kwenye afya, “burden of disease” ni “mzigo wa maradhi” na sioni haja ya kulibadili. Ni kipimo cha miaka ya uhai inayopotea kwa kufa mapema, ikijumlishwa na ile ambayo watu huishi wakiwa na ugonjwa au ulemavu. Lakini “parasite burden” ndani ya mwili wa mgonjwa ni “wingi wa vimelea”, kama tunavyosema wingi wa virusi.

“Caregiver burden” ndiyo inayohitaji huruma. Kuna dodoso la Zarit lenye maswali 22, kila moja likipewa alama 0 hadi 4, jumla isiyozidi 88. Linamuuliza anayeuguza jinsi kazi hiyo inavyomwathiri. Ukimuuliza binti anayemuuguza mama yake, “Unaona mzigo kiasi gani?”, umemwambia amwite mama yake mzigo. Atakana haraka, hata kama hajalala siku tatu, na alama zitatoka ndogo kwa sababu ya mfasiri tu. Mgonjwa mwenyewe anaweza kusema “sitaki kuwa mzigo kwa wanangu”, hilo ni lake. Anayeuguza mwulize kazi ya kuuguza inamwelemea kiasi gani. Uzito uwe wa kazi, usiwe wa mtu.

Kivumishi “onerous” kinahitaji uangalifu wa pekee kwenye mikataba. Kwa kawaida ni -zito, au -a kukalifisha. Katika uhasibu, chini ya kanuni ya kimataifa ya uhasibu iitwayo IAS 37, ni mkataba ambao gharama zisizoepukika za kuutimiza zimezidi manufaa yanayotarajiwa. Naandika “mkataba wa hasara” na kuueleza mara ya kwanza unapotajwa. Lakini katika sheria zenye asili ya Kifaransa, “onerous contract” ni ule ambao kila upande unapata kitu kwa kile unachotoa, kinyume cha zawadi. Hauna uzito wowote. Hapo naandika “mkataba wa kupeana malipo”, vinginevyo mauzo ya kawaida kabisa yataonekana kama dhuluma.

Mfano ninaourudia kila ninapokwama ni Wagalatia sura ya 6. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inaweka “burden” katika mstari wa 2 na wa 5, na msomaji huona mgongano: mbebeane, kisha kila mtu abebe wake. Kigiriki kina maneno mawili tofauti. Biblia ya Kiswahili ya Union ikaandika mizigo mahali pa kwanza na furushi mahali pa pili. Furushi ni lile dogo la mtu mwenyewe, alilolifunga kwa mkono wake, na hakuna anayemwomba mwenzake alishike.