Siku moja katika gari la watu wanne, Katuba hadi mjini

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Julai, Lubumbashi baridi inauma. Huko nje kunanuka makala, yaani makaa, ya majirani. Kiangazi hiki moshi haupandi, unalala chini na vumbi mpaka jua lipate nguvu.

Saa kumi na mbili na robo. Mama Muuguzi yuko mlangoni tayari. Mzee Mwalimu tunamchukua njiani, kijana wa benki anakuja mbio huku akifunga vifungo. Kusubiriana ni dakika tano, basi. Mzee mwenyewe tulishamwacha, wala hakununa.

Saa kumi na mbili na nusu. Tumepita mtaa wetu wa jiji uitwao Kenya, tunaingia mtaa wa Kamalondo, na hapo mwendo umekwisha. Watu wa upande wetu wote wanagombea njia chache za kuvuka reli, na tuneli haipanuki. Natazama vioo vya wenzangu: gari la jeep, mtu mmoja. Toyota, mtu mmoja na mkoba wake kitini. Waheshimiwa, gari la mtu mmoja linakula barabara sawa na letu! Tena likisimama linanguruma linaendelea kuchoma esansi (petroli) bure. Mbele yetu lori la mazuti (dizeli) linatutemea masizi, yale laini yanayoshuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Tunapandisha vioo, haisaidii sana.

Usukani wangu uko kulia, kama magari mengi hapa, na barabarani tunashika kulia. Nyuma ya lori sioni kitu. Mama Muuguzi, aliyekaa kushoto, ndiye anayechungulia: "Ngoja, Papa... ngoja bado... haya, pita!" Peke yangu ningebahatisha.

Saa mbili hadi saa kumi: ofisi, hesabu, bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo) mchana.

Saa kumi na moja jioni. Leo Ijumaa, tunagawana pesa ya esansi kwa usawa, na mimi mwenye gari nimo. Faida sichukui, nikichukua nimekuwa teksi, na abiria wa teksi ana haki ya kunigombeza.

Kwenye foleni mwenye jeep wa mtaani kwetu anashusha kioo: "Ninyi mnapatanaje humo?" Mzee Mwalimu anamweleza zile dakika tano na mgawo wa Ijumaa. Jumatatu mwenye jeep naye atawabeba wauzaji wawili wa duka la dawa. Ameshaonya kwamba redio ni yake.