Siku moja maishani mwangu: vitumbua na dua ya Nabii Ayub

Saa tisa usiku niko jikoni. Mchele niliousaga jana na tui, iliki na hamira umeumuka mpaka umeinua kifuniko. Nawasha mkaa, chuma kinashika moto, naanza kuchoma. Leo ni siku ya nne mwanangu yuko wodini. Ana miaka kumi na mmoja, na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, amezaliwa nao.

Saa kumi na moja adhana inaadhiniwa. Naepua chuma, naswali. Nikiwa nimesujudu sina maneno, nasema tu: Ya Rabbi, waniona.

Kuanzia saa kumi na mbili wateja wanapita barazani, hapa Ngamiani, Tanga. Jirani yangu huja kuniuzia vilivyobaki ili niwahi hospitali. Simlipi, hataki hata kulisikia hilo. Shangazi yangu mmoja naye kapita akasisitiza mtoto karogwa, tumtoe wodini. Nimemjibu kwa adabu: shangazi, haya ni ya damu. Mimi na baba yake kila mmoja alibeba chembe ya urithi ya ugonjwa huu bila kujijua, na kila mimba nafasi ya mtoto kuugua ni 1 kati ya 4. Kumtegemea Mungu hakunizuii kumpa mwanangu dawa. Dawa nazo ni katika rehema Zake.

Saa sita mchana namkuta amejikunja, miguu imemkamata, macho ya manjano. Mama yangu, aliyelala naye, ananipisha. Nakunja kanga, naipasha joto kwa chupa ya maji ya moto, namwekea magotini. Midomo imemkauka, namnywesha maji kwa kijiko.

"Mama, nimeomba sana. Mbona bado inauma?"

Nimekaa kimya kwanza. Kisha nikamwambia habari ya Nabii Ayub, amani iwe juu yake. Katika Suratul Anbiyaa, aya ya 83, hakutaja hata neno "niponye". Alimwambia Mola wake kwamba dhara limempata, na kwamba Yeye ndiye mwenye kurehemu kuliko wote wenye kurehemu. Basi.

"Kwa hiyo niseme tu inauma?"

"Sema, baba. Halafu sema Yeye ni Mwenye kurehemu."

Akasema, kwa sauti ndogo, akinishika kidole gumba. Maumivu hayakuondoka pale pale. Muuguzi alimwongezea dawa, na baada ya muda mkono ukalegea, akasinzia. Nami niliyekuwa nikimfundisha nikajikuta narudia maneno yale yale, machozi yananitoka.

Saa kumi sokoni: nazi tatu, mchele. Saa mbili usiku mashine ya kusaga.

Saa nne mama anapiga simu. Homa imeshuka. Mtoto kaomba kesho nimletee vitumbua viwili, vile vilivyoungua kidogo ukingoni, avipendavyo.

Natia hamira, nafunika sufuria.