Kushusha kompresheni ya 4A-GE bila kufilisika

Injini yangu ni 4A-GE ya Toyota yenye vali 16, ile ya toleo la mwisho la Corolla AE92, yenye kompresheni ya 10.3 kwa 1, yaani pistoni inashindilia hewa hadi ibaki sehemu moja kati ya 10.3. Bila turbo, hiyo ni sifa. Ukiifungia turbo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa ekzosi) mambo yanageuka: hewa inaingia ikiwa imeshashindiliwa na ina joto, pistoni inaishindilia tena, na sehemu ya mchanganyiko inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Utasikia injini ikigonga kama kokoto ndani ya debe. Usipoondoa mguu kwenye mafuta, kuta nyembamba za pistoni kati ya ringi ndizo zinazovunjika kwanza.

Gereji karibu zote nilizoulizia hapa Nairobi zilinipa jibu moja: weka gasketi nene kati ya bloku na hedi (kifuniko cha juu cha injini). Ni rahisi, na ndiyo maana inapendwa. Lakini hebu tupige hesabu. Injini ina cc 1,587, kwa hiyo kila silinda ni karibu cc 396.8. Kwa kompresheni ya 10.3, nafasi inayobaki pistoni ikifika juu kabisa ni cc 42.7. Ukitaka 8.9, inabidi ibaki cc 50.2. Yaani unatafuta cc 7.5 za ziada kwa kila silinda. Silinda ina kipenyo cha milimita 81, na kila milimita ya gasketi inakupa kama cc 5.15. Kwa hiyo unahitaji karibu milimita moja na nusu juu ya unene wa gasketi ya kawaida.

Hapo ndipo ninapokataa. Chemba ya 4A-GE imeundwa ili pistoni ikifika juu, ukingo wake ukaribie sana uso wa hedi. Ile hewa ya pembeni inasukumwa kwa nguvu kuelekea katikati, kwenye plagi; mchanganyiko unavurugika vizuri na unaungua haraka. Ukiinua hedi milimita moja na nusu, msukumo huo unakufa. Hewa inabaki imejificha pembeni, ikipata joto, ikingoja kulipuka. Umeshusha kompresheni ili injini isigonge, halafu umeondoa kitu kilichokuwa kinaizuia isigonge! Zaidi ya hayo, hedi ikipanda, mkanda unavutika na kamshafti (mihimili inayofungua vali) zinatangulia, na kuzirudisha mahali pake unahitaji puli za kurekebishika, ambazo nazo ni pesa.

Jibu la bei nafuu Toyota walishalitengeneza wenyewe. Waliunda 4A-GZE, injini hiyohiyo ikiwa na supachaja (pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe). Ya kwanza ilikuwa na kompresheni ya 8.0 na nguvu za farasi 145. Mwaka 1989 wakaipandisha hadi 8.9, na nguvu zikafika 165. Si kompresheni peke yake iliyobadilika, lakini angalia mwelekeo: waliokuwa na maabara na pesa waliona 8.0 ni kushuka kupita kiasi. Pistoni za hiyo ya 8.9 zina bonde juu, ni za alumini ya kufuliwa, na pini yake ni ya milimita 20 sawa na injini yangu (4A-GE za mwanzo zina pini ya 18, kwa hiyo pima kabla ya kulipa). Pistoni haijali kama hewa inasukumwa na supachaja au turbo. Nilitafuta seti ya mtumba kutoka Japani, ikiwa bado na konrodi zake, nikanunua ringi mpya na gasketi ya kawaida. Basi.

Mtumba unahitaji macho. Osha pistoni, tazama mifereji ya ringi kwa kioo cha kukuzia, na ingiza ringi mpya uone kama inacheza. Na usimruhusu mkereza aguse bloku kabla hujampelekea pistoni zenyewe mkononi, kwa sababu alumini ya kufuliwa inatanuka zaidi ikipata joto na inahitaji nafasi kubwa zaidi kwenye silinda. Kama silinda zako zimelika kupita kipimo, pistoni hizi za 81 hazitakufaa. Afadhali utafute bloku nyingine.

Kupima hakugharimu pesa nyingi. Nilinunua sindano kubwa kwenye duka la dawa, nikatoboa tundu kwenye kipande cha plastiki angavu, nikakibandika juu ya chemba kwa grisi, vali zikiwa zimefungwa na plagi ipo mahali pake, kisha nikajaza mafuta ya taa na kuhesabu cc. Chemba iliyopungukiwa nikaisugua pembezoni mwa vali mpaka zote nne zikalingana. Halafu weka vipande vya waya laini wa kulehemu juu ya ukingo wa pistoni, funga hedi kwa gasketi kuukuu, zungusha krenki kwa mkono, toa waya upime unene wake. Mimi nalenga milimita moja hivi.

Pesa iliyobaki iende kwenye injekta na kompyuta inayoweza kupangwa. Mimi natumia Megasquirt. Kihisi cha presha cha kiwandani kwenye injini isiyo na turbo hakikutengenezwa kusoma presha inayozidi ya hewa ya kawaida, kwa hiyo kompyuta ya awali haijui hata kama turbo ipo.

Sasa, Nairobi iko juu sana, na presha ya hewa hapa ni takriban bar 0.83. Ukishuka hadi 8.0, gari linakuwa zito asubuhi kwenye foleni kabla turbo haijaamka. Hewa yenyewe ni nyepesi tayari. Lakini mimi ni mtoto wa Mombasa, na likizo lazima nishuke nyumbani. Springi ya weisitigeti (mlango unaopunguza moshi unaozungusha turbo ili presha isizidi) inapima presha iliyo juu ya hewa ya mahali ulipo. Bar 0.5 ya turbo inaipa pistoni jumla ya 1.33 Nairobi, na 1.51 Mombasa: karibu asilimia 13 zaidi, tena kwenye joto la pwani. Gari lililopangwa vizuri Nairobi linaweza kuanza kugonga ukishapita Voi. Kwa hiyo ramani yangu ya moto (jedwali la kompyuta linaloamua plagi iwake lini) inasoma presha kamili, yaani ya turbo pamoja na ya hewa ya mahali, si presha ya geji, na safu za juu ambazo Nairobi sizifikii kamwe nimezijaza mapema, moto ukiwa umecheleweshwa zaidi. Ukimpa fundi gari akupangie, mwambie azijaze hizo safu kabla hujalipa.